Kukuza ishara dhaifu za maikrowevu: kutoka LNB ya dishi hadi amplifaya ya Josephson

Saketi ya kwanta, kama zile za kompyuta za kwanta, ikisomwa, jibu lake hutoka na nguvu ya takribani −130 dBm (0 dBm ni miliwati moja, na kila 10 dB ni mara kumi). Hizo ni fotoni chache, yaani punje za nishati ya wimbi, za 6 GHz, kila moja ikiwa na nishati ya karibu 4 × 10⁻²⁴ J. Hakuna kipimo cha mezani kinachoweza kuzisoma moja kwa moja. Lazima nguvu yake ikuzwe zaidi ya mara bilioni moja, na amplifaya inayoipokea kwanza isiizamishe kwa kelele yake yenyewe. Kazi hiyo ya kwanza hufanywa na saketi za supakondakta, yaani metali ambazo zikipozwa vya kutosha hupoteza ukinzani wote wa umeme.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uhandisi pale MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), mwalimu wa fizikia aliyesomea chuo cha Mkwawa, au fundi wa elektroniki wa Mbeya, Makambako au Njombe anayetaka kuishika kazi hii kwa vipimo na si kwa maelezo ya juujuu. Sehemu ya kwanza hufanyika uani kwa vifaa vya dishi la king'amuzi. Ya pili ni ya kompyuta mpakato. Ya tatu inahitaji friji ya milikelvin (inayopoza hadi sehemu za elfu za kelvini), nayo imeelezwa kwa kina ili atakayepata nafasi kwenye maabara yenye friji hiyo afike akijua aanze na nini.

Amplifaya ya kwanza ndiyo inayoamua

Kelele ya amplifaya hupimwa kwa kelvini: ni jotoridi ambalo kipingamizi cha umeme kingekuwa nalo ili kitoe kelele kiasi hicho. Amplifaya zikifuatana, kelele ya jumla ni T = T₁ + T₂/G₁ + T₃/(G₁G₂), ambapo G ni ukuzaji kwa mara, si kwa dB. Kelele ya amplifaya ya pili inagawanywa kwa ukuzaji wa ile ya kwanza. Ya kwanza haigawanywi na chochote. Maziwa yakitiwa maji Rungwe, hakuna mnunuzi wa Mbeya mjini atakayeyatoa hayo maji. Na ishara iliyochafuliwa mwanzoni haisafishiki mbele, hata uweke amplifaya nzuri kiasi gani.

Upotevu kabla ya amplifaya ya kwanza ni mbaya zaidi. Waya au kiungio kinachopoteza 1 dB humeza asilimia 20 ya ishara, na kama kina joto la kawaida, huongeza kelele yake ya karibu 75 K. Wanaoanza hutumia siku nyingi kuchagua amplifaya na dakika chache kuchagua viungio. Inapaswa kuwa kinyume.

Pima kelele mwenyewe kwa LNB

LNB, yaani kichwa cha dishi kinachopokea ishara, ya kawaida ya bendi ya Ku, ile ya masafa ya ndani ya 9.75 na 10.6 GHz, ni amplifaya ya maikrowevu yenye ukuzaji wa 50 hadi 60 dB. Kwa mafundi wa dishi wa Mwanjelwa utaipata, na hata iliyotumika inafaa mradi kiungio chake hakijaota kutu na kifuniko cha mdomo hakijapasuka. Ongeza mita 5 hadi 10 za waya wa RG-6, kifaa cha kupenyeza umeme wa 13 V kwenye waya huo, kizuizi cha umeme wa DC, kipunguzi cha 10 dB na kingine cha 3 dB, na kipokezi cha USB cha aina ya RTL-SDR.

Hakikisha kizuizi cha DC kiko upande wa kipokezi kabla hujawasha. Ukikisahau, zile 13 V zitaingia kwenye kipokezi na kukiua papo hapo.

Njia yenyewe ni kulinganisha kitu cha moto na kitu cha baridi. Cha moto ni chochote kinachomeza maikrowevu kikiwa kwenye joto la hewa, takribani 290 K: sponji ya kaboni kama unayo, au kichaka kizito cha majani mabichi kinachojaza mdomo wote wa LNB. Usitumie ukuta au paa la bati. Bati linaakisi anga, kwa hiyo LNB italiona kama kitu cha baridi na hesabu yako yote itaharibika. Cha baridi ni anga tupu, ambayo kwenye masafa haya huonekana kama 10 K hivi hali ya hewa ikiwa kavu. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yake hapa kwetu. Kipindi cha mvua, maji ya mawinguni yanatoa kelele yao wenyewe na anga haiwi baridi tena.

Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mstari wa satelaiti za televisheni unapita karibu utosini, nyuzi 10 na nusu tu upande wa kaskazini. Mdomo wa LNB isiyo na dishi unaona eneo pana sana la anga, na ukiielekeza juu moja kwa moja utapokea satelaiti pamoja na anga. Iinamishe nyuzi 30 hadi 40 kuelekea kusini, mbali na nyumba, miti na jua.

Washa LNB uiache dakika 20 au 30 ili joto lake litulie. Kwenye programu ya kipokezi zima ukuzaji wa kujirekebisha, weka namba moja ya ukuzaji na usiiguse tena. Tafuta sehemu tambarare kati ya 1,200 na 1,500 MHz. Karibu na 950 MHz minara ya simu huvuja ndani ya waya. Pima wastani wa nguvu kwa dakika moja ukielekea kwenye majani, dakika moja angani, kisha rudia majani. Vipimo viwili vya majani vikitofautiana kwa zaidi ya 0.1 dB, kitu bado kinapanda joto, subiri.

Tuseme tofauti ya moto na baridi ni 5.5 dB. Kwa mara hiyo ni Y = 3.55. Kelele ya LNB ni T = (290 − Y × 10)/(Y − 1), yaani 100 K. Ukikosea kwa 0.2 dB, jibu linasogea kwa 7 K, kwa hiyo usiamini desimali. Lebo za LNB huandika 0.1 dB, ambayo ingekuwa chini ya 7 K kwa kifaa kisichopozwa kabisa. Amini kipimo chako.

Kabla ya kuliamini jibu lolote, ongeza kipunguzi cha 3 dB kati ya LNB na kipokezi. Vipimo vyote viwili vinapaswa kushuka kwa 3 dB kamili. Cha moto kikishuka pungufu, kipokezi kilikuwa kimelemewa, kipunguze zaidi. Cha baridi kikishuka pungufu, unapima kelele ya kipokezi na si ya LNB, punguza upunguzaji.

Sasa fanya jaribio linalofundisha kuliko yote. Ongeza kipunguzi cha 10 dB baada ya LNB: T haitabadilika kwa kiasi unachoweza kukiona, kwa sababu kelele ya nyuma inagawanywa kwa ukuzaji wa 50 dB. Kisha kiondoe, na funika mdomo wa LNB kwa kitambaa kilicholowa. Tofauti ya moto na baridi itaporomoka.

Kwa nini baridi kali na kwa nini supakondakta

Kipimo cha mwisho cha kelele huwekwa na maumbile yenyewe. Mwaka 1982 Carlton Caves alionyesha kuwa amplifaya inayokuza ishara bila kuchagua awamu yake lazima iongeze angalau nusu kwanta ya kelele. Kwa 6 GHz kwanta moja, hf/k, ni 0.288 K, kwa hiyo nusu yake ni 0.144 K. LNB ya 100 K kwenye 11 GHz iko karibu kwanta 190 juu. Amplifaya ya transista aina ya HEMT iliyopozwa hadi 4 K huwa na kelele ya 2 hadi 4 K, yaani kwanta 7 hadi 14. Ni nzuri, lakini bado inaizamisha fotoni moja.

Amplifaya ya Josephson hufika karibu kabisa na ile nusu. Kiungo cha Josephson, kilichotabiriwa na Brian Josephson mwaka 1962, ni tabaka mbili za supakondakta zilizotenganishwa na utando wa oksaidi wa nanomita chache tu. Kinafanya kazi kama indakta ambayo thamani yake hubadilika kwa mkondo unaopita, na haina ukinzani. Mawimbi yenye nguvu, yaitwayo pampu, huitikisa indakta hiyo kwa kasi inayotakiwa, na nishati ya pampu huhamia kwenye ishara ndogo. Kila fotoni inayoongezwa kwenye ishara huzaliwa na pacha wake kwenye masafa mengine. Bila ukinzani hakuna joto, na bila joto hakuna kelele zaidi ya ile nusu kwanta. Fizikia ya saketi hizi ndiyo iliyowapa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025.

Sanifu kwenye karatasi, kisha kwenye kompyuta

Lengo liwe 6 GHz. Chukua viungo viwili vya alumini, kila kimoja chenye mkondo wa juu wa 1 µA, viunge sambamba kuwa kitanzi cha SQUID, na sambamba navyo weka kapasita ya 3.5 pF.

Induktansi ya kiungo ni Φ₀/(2πI), na Φ₀, yaani kwanta ya fluksi ya sumaku, ni 2.068 × 10⁻¹⁵ Wb. Kwa 1 µA unapata 329 pH. Viwili sambamba, 165 pH. Pamoja na 3.5 pF, mwangwi wa saketi, yaani masafa ambayo saketi hutikisika kwa urahisi zaidi, uko 6.62 GHz. Umewekwa juu ya lengo kwa makusudi, kwa sababu fluksi ya sumaku ndani ya kitanzi hushusha masafa na haiwezi kuyapandisha. Masafa hufuata kipeuo cha pili cha kosaini: f = 6.62 × √cos(πΦ/Φ₀). Ili kufika 6.00 GHz unahitaji fluksi ya 0.193 Φ₀. Hapo mteremko ni karibu 6.5 GHz kwa kila Φ₀, kwa hiyo mtikisiko wa sehemu moja ya elfu ya Φ₀ unasogeza amplifaya kwa 6.5 MHz. Kumbuka namba hiyo utakapochagua chanzo cha mkondo.

Ikiunganishwa moja kwa moja na waya wa 50 Ω, Q (kipimo cha wembamba wa mwangwi) = 2πf × 50 × C, yaani 6.6. Upana wake bila pampu ni 0.91 GHz, na kwa ukuzaji wa 20 dB upana hugawanywa kwa 10: karibu 90 MHz kwenye karatasi, na mara nyingi pungufu ukija kupima. Q ikishuka chini ya 5 hivi, saketi haifiki 20 dB kwa utulivu. Kwa hiyo usikubali tamaa ya upana. Nyaya ndefu za alumini kati ya SQUID na kapasita nazo huongeza induktansi isiyotikisika, na kuila nguvu ya pampu. Ziwe fupi kadiri mchoro unavyoruhusu.

Kwa uigaji, JosephsonCircuits.jl ni bure na hutumia lugha ya Julia. Kompyuta yenye RAM ya 8 GB inatosha kwa amplifaya ya SQUID moja, na ukishapakua kwa bando mara moja, hufanya kazi bila intaneti. Anza bila pampu: mwangwi usipotokea pale karatasi ilipokuambia, umekosea kipimo, mara nyingi pF na fF. Kisha ongeza pampu kidogo kidogo. Karibu na kizingiti, pale saketi inapoanza kutikisika yenyewe, programu hushindwa kufikia jibu; punguza hatua ya pampu na uanzie kwenye jibu la hatua iliyotangulia. Ongeza idadi ya hamoni hadi ukuzaji usibadilike kwa zaidi ya 0.1 dB.

Kabla chipu haijaingia kwenye friji

Chipu hufa mezani mara nyingi kuliko inavyofia ndani ya friji. Utando wa oksaidi hauhimili umeme tuli, na Julai ya nyanda za juu, hewa ikiwa kavu na kila mtu amevaa sweta la nyuzi za plastiki, ndiyo hali ya hatari. Vua sweta, vaa mkanda wa kutuliza umeme mkononi, na unganisha ardhi ya chipu kabla ya kugusa waya wa kati.

Pima ukinzani wa SQUID kwenye joto la kawaida. Kwa alumini, mkondo wa juu ukizidishwa kwa ukinzani wa kawaida hutoa karibu 280 µV, hivyo kiungo cha 1 µA kinapaswa kuwa na 280 Ω na SQUID yenye viwili 140 Ω. Kwenye joto la chumba tarajia pungufu kidogo ya hapo. Ukipata mara mbili yake, kiungo kimoja kimekatika. Usitumie multimita ya kawaida: volti yake inaweza kukiunguza kiungo. Tumia kipimo chenye volti isiyozidi 1 mV.

Skrubu za kisanduku ziwe za shaba nyeupe au shaba, kamwe si chuma. Kitanzi cha mikroni 10 kwa 10 kinajazwa Φ₀ nzima kwa uga wa 21 µT, na uga wa sumaku wa dunia ni kati ya 25 na 65 µT. Funika kisanduku kwa kinga ya alumini, na nje yake kinga ya aloi ya mu-metal.

Mnyororo ndani ya friji

Waya wa kuingiza ishara unashuka kutoka chumba chenye 300 K, na kwenye 6 GHz joto hilo ni fotoni 1,000 za kelele kwa kila hali ya wimbi. Lazima ziuawe njiani: 20 dB kwenye 4 K, 20 dB kwenye 100 mK, 20 dB kwenye sahani ya mwisho, ile ya baridi kuliko zote ndani ya friji, ya 20 mK au pungufu. Jumla 60 dB hubakiza sehemu moja ya milioni ya zile elfu, yaani karibu elfu moja ya fotoni. Nyaya zenyewe hula 5 hadi 10 dB zaidi. Kila kipunguzi kibanwe kwenye sahani kwa shaba. Kisipopoa, kinakuwa chanzo cha kelele chenyewe.

Amplifaya hii hutoa ishara kwenye mlango uleule inapoingilia, hivyo sakyuleta hutenganisha zinazoenda na zinazorudi. Weka moja kwa ajili ya chipu na mbili nyingine kati yake na HEMT, ili kelele ya HEMT isirudi chini. Kila moja huzuia 18 hadi 20 dB. Zina sumaku ndani, basi zikae mbali na SQUID. Kutoka hapo hadi 4 K tumia waya wa NbTi, ambao ni supakondakta na karibu haupotezi kitu. Kisha HEMT, kisha amplifaya za kawaida nje ya friji.

Kuiwasha

1. Weka analaiza ya mtandao (kipimo kinachotuma mawimbi na kupima yanayorudi) kwenye nguvu itakayofika kwenye chipu ikiwa −130 dBm. Tazama awamu ya mawimbi yanayorudi, si ukubwa wake. Awamu inayozunguka nyuzi 360 ndiyo mwangwi.

2. Zungusha mkondo wa koili polepole. Mwangwi uchore matao yanayojirudia. Yasipojirudia sawasawa au yakiruka ghafla, kuna fluksi iliyonaswa: pandisha joto hadi juu ya 1.2 K, ambapo alumini huacha kuwa supakondakta, kisha poza upya koili ikiwa imezimwa.

3. Shuka kwenye teremko la tao hadi 6.00 GHz. Chanzo cha mkondo kipite kwenye kichujio cha masafa ya chini.

4. Washa pampu kwenye 12.00 GHz kupitia waya wa fluksi. Anza chini sana, panda kwa 1 dB, na ukuzaji ukianza kuonekana, kwa 0.1 dB. Ishara ya majaribio iwe 5.99 GHz, pacha wake atakuwa 6.01. Usiiweke 6.00 kamili, kwa sababu hapo ishara na pacha ni kitu kimoja na ukuzaji utapanda na kushuka kwa kufuata awamu.

5. Simama kwenye 20 dB. Kwa 10 dB, HEMT ya 4 K ingeongeza 0.4 K, zaidi ya kwanta nzima. Kwa 20 dB inaongeza 0.04 K tu. Ukipanda hadi 25 dB, upana unabana na kila mtikisiko wa fluksi unaonekana kwenye data.

Ukiona mstari mkali kwenye 6.00 GHz hata ishara ikiwa imezimwa, umevuka kizingiti na saketi inaimba yenyewe. Rudisha pampu kwa 0.5 dB. Ukuzaji wenye mawimbi-mawimbi kila makumi machache ya MHz unatokana na mwakisiko kati ya chipu na sakyuleta. Sogeza fluksi na pampu pamoja utafute sehemu tulivu, na ikishindikana, kagua kiungio. Joto la sahani ya mwisho likipanda pampu ikiwashwa, waya wa pampu una upunguzaji mwingi mno hapo chini; hamishia sehemu yake kwenye 4 K.

Kisha pima faida halisi. Linganisha uwiano wa ishara na kelele, pampu ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. HEMT pamoja na upotevu ikiwa 6 K, na amplifaya ikiwa kwenye mpaka wa kwanta, hesabu inatoa 12.5 dB. Ukipata 8 au 9, hakikisha kwanza kuwa ukuzaji ni 20 dB kweli na kuwa ile 6 K ni sahihi, kabla ya kulaumu chipu. Mwisho pandisha ishara kutoka −140 dBm hadi ukuzaji ushuke kwa 1 dB. Kwa SQUID moja kama hii hutokea karibu −120 hadi −110 dBm. Ikitokea mapema, tumia safu ya SQUID kadhaa zenye mkondo mkubwa zaidi, na usanifu hesabu ya induktansi upya.

Kama kazi yako inasoma saketi nyingi kwa wakati mmoja na 90 MHz hazitoshi, achana na mwangwi kabisa na utumie amplifaya ya wimbi linalosafiri. Ile iliyoonyeshwa mwaka 2015 ilikuwa na viungo zaidi ya 2,000 vilivyopangwa mstari mmoja, na ilitoa 20 dB kwa upana wa karibu 3 GHz. Haihitaji kurekebishwa fluksi, na huhimili ishara kubwa zaidi. Gharama yake ni kelele iliyo juu kidogo, kwa sababu ishara hupita kwenye kapasita nyingi zenye upotevu wao, na chipu ambayo kiungo kimoja kibovu kati ya maelfu kinaweza kuiharibu. Kwa ishara moja kwenye masafa yanayojulikana, SQUID na kapasita bado ndiyo njia bora.